Namba Zilizoitwa Viziwi: Safari ya Vipeuo kutoka Ishango hadi Bonde la Ruzizi

Kamanyola ni mji mdogo ulio kwenye lango la kaskazini la bonde la Ruzizi, katika jimbo la Kivu ya Kusini, mahali ambapo barabara inayoteremka kutoka Bukavu kupitia miinuko ya Ngomo hufika tambarare na kushika njia ya Uvira. Ng'ambo ya mto ni Bugarama ya Rwanda, na kusini kidogo, pale mto Ruhwa unapoingia katika Ruzizi, mipaka ya nchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi, hukutana ndani ya maji. Wakongomani wengi hulijua jina la mji huo kwa mapigano ya Juni 1964, ambayo Mobutu aliyageuza kuwa ngano ya ushujaa wake, na kwa uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa uliofunguliwa kwa jina la Kamanyola mwaka 1994 kabla ya kupewa jina la Mashahidi miaka mitatu baadaye. Historia inayosimuliwa hapa ni nyingine, na ni kongwe zaidi. Ni historia ya namba ambazo mwanafunzi wa sekondari wa Kamanyola hukutana nazo siku anapochora ubaoni alama ya kipeuo kwa mara ya kwanza, namba ambazo kabla ya kumfikia zilikwisha kubandikwa na mataifa mbalimbali majina ya kuzidharau, zikaitwa zisizosemeka, viziwi, na zisizo na akili.

Namba huitwa wiano ikiwa inaweza kuandikwa kama uwiano wa namba nzima mbili, moja ikiwekwa juu, nayo huitwa kiasi, na nyingine chini, nayo huitwa asili: 3/4, 22/7, hata 5, ambayo ni 5/1. Ikigeuzwa kuwa desimali, namba ya aina hiyo ama hukoma, kama 3/4 ambayo ni 0.75, ama hurudia kundi lilelile la tarakimu pasipo mwisho, kama 1/7 ambayo ni 0.142857142857 na kuendelea, kwa sababu anayegawanya kwa 7 ana mabaki sita tu yanayoweza kumtokea na hana budi kulirudia mojawapo. Namba isiyo na uwiano ni ile inayokataa kuandikwa hivyo kwa kiasi na asili yoyote, na desimali zake hazikomi wala hazijirudii. Kipeuo cha pili cha namba ni ile namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe huizaa ya kwanza; kipeuo cha pili cha 9 ni 3, na hapo hakuna tatizo, ila kipeuo cha pili cha 2, kinachoandikwa √2, hakitoki: si namba nzima, wala si sehemu. Vipeuo vya namna hii, visivyotoka, ndivyo vilivyoitwa viziwi, na asili ya jina hilo, ambayo inakigusa Kiswahili kuliko inavyodhaniwa, itaelezwa mahali pake.

Mashariki ya Kongo ina haki ya kutajwa mapema katika masimulizi haya. Karibu kilomita 300 kaskazini ya Kamanyola, kwa mstari ulionyooka, ndipo palipo Ishango, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward. Mwaka 1950 mtaalamu wa miamba kutoka Ubelgiji, Jean de Heinzelin de Braucourt, alifukua hapo mfupa wenye urefu wa sentimita kama 10, uliopachikwa kipande cha jiwe gumu kwenye ncha moja na kuchanjwa mistari katika safu tatu. Safu moja ina makundi ya mistari 11, 13, 17 na 19. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9. Ya tatu ina 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5 na 7. Safu mbili za kwanza hujumlisha 60 kila moja, na ya tatu 48. De Heinzelin aliukadiria mfupa huo umri mdogo zaidi, lakini uchunguzi wa baadaye umeusogeza hadi miaka 20,000 hivi au zaidi. Alexander Marshack aliona ndani yake hesabu ya siku za mwezi. Wengine, kwa kuwa 11, 13, 17 na 19 ndizo namba tasa zote zilizo kati ya 10 na 20, wakadai kwamba aliyeuchanja alizijua namba tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Dai hilo ni gumu kulikubali, kwa maana fikra ya namba tasa hutanguliwa na fikra ya kugawanya, na ya kugawanya hakuna alama yake mfupani. Kinachoelekea kuwa kweli ni jambo dogo zaidi, nalo latosha: mtu fulani kando ya ziwa alihesabu moja moja na kuacha kumbukumbu. Anayehesabu hivyo huamini, hata asiposema, kwamba lolote lililo na kiasi laweza kufikiwa kwa kurudia kipimo kimoja mara za kutosha, na imani hiyo iliishi maelfu ya miaka kabla ya kupata pigo. Mfupa wenyewe haumo Kongo. Umehifadhiwa Brussels, katika Taasisi ya Kifalme ya Sayansi ya Asili ya Ubelgiji.

Pigo halikuja kutoka Babeli, ingawa Wababeli walilikaribia sana. Kibao kimoja cha udongo, kilichoandikwa kati ya miaka ya 1800 na 1600 KK na ambacho sasa kiko Chuo Kikuu cha Yale, kina mraba uliochorwa pamoja na ulalo wake, yaani mstari unaotoka pembe moja hadi pembe inayoikabili. Upande umeandikwa 30, na juu ya ulalo zimo tarakimu 1, 24, 51 na 10, zinazosomwa kwa mfumo wa kuhesabu kwa sitini: 1, kuongeza 24/60, kuongeza 51/3600, kuongeza 10/216000. Jumla yake ni 1.41421296, ilhali √2 ni 1.41421356 na kuendelea. Kwa shamba la mraba lenye upande wa kilomita moja, tofauti hiyo haifiki milimita moja. Mwandishi wa kibao hicho alikuwa na jibu zuri kuliko mahitaji yake yote, na huenda ndiyo sababu hakuna dalili kwamba aliwahi kuuliza kama jibu kamili lipo.

Swali hilo liliulizwa na Wagiriki wa karne ya 5 KK, hasa wale waliojiita wafuasi wa Pythagoras, ambao walifundisha kwamba ulimwengu mzima umejengwa kwa namba nzima na uwiano wake. Kwa kanuni inayobeba jina la mwalimu wao, mraba wenye upande wa 1 una ulalo ambao mraba wake ni 1 kuongeza 1, yaani 2. Ulalo basi ni √2, na mtu yeyote aweza kuuchora mchangani kwa kijiti. Na ichukuliwe sasa kwamba urefu huo ni sehemu fulani, a/b, iliyokwisha kurahisishwa hata a na b zikakosa kigawanyo cha pamoja zaidi ya 1. Kwa kuwa a/b ikizidishwa kwa yenyewe huzaa 2, basi a×a ni mara mbili ya b×b, na kwa hiyo ni namba shufwa, yaani inayogawanyika kwa 2. Na kwa kuwa witiri, yaani namba nzima isiyogawanyika kwa 2, ikizidishwa kwa yenyewe huzaa witiri, a yenyewe lazima iwe shufwa. Ikiwa ni shufwa, ni mara mbili ya namba nyingine, c. A×a basi ni mara nne ya c×c, na b×b hubaki kuwa mara mbili ya c×c, jambo linaloifanya b nayo kuwa shufwa. Zote mbili hugawanyika kwa 2, ilhali ilikwisha kukubaliwa kwamba hazina kigawanyo cha pamoja. Sehemu iliyodhaniwa haipo. Aristotle anaitaja hoja hii kama jambo ambalo wasomaji wake wanalijua, kwamba anayeukubali ulalo kuwa na kipimo kimoja na upande hulazimika kukubali kwamba witiri ni sawa na shufwa.

Hadithi inayosimuliwa mara nyingi darasani, kwamba Hippasus wa Metapontum alizamishwa baharini kwa kuitoa siri hii, haina msingi wa kutegemewa. Iamblichus, mmojawapo wa wanaoisimulia, aliishi zaidi ya miaka 700 baada ya Hippasus, na masimulizi yenyewe hayakubaliani kuhusu kosa alilolitenda. Walimu huipenda kwa sababu inachangamsha kipindi. Ila hoja ya shufwa na witiri inachangamsha vya kutosha bila maiti.

Hatua zilizofuata zina uhusiano mkubwa na ardhi ya Afrika. Theodorus alikuwa mtu wa Cyrene, mji wa Wagiriki katika nchi ambayo leo ni Libya, na Plato, katika mazungumzo yake yaitwayo Theaetetus, anamweleza akithibitisha mbele ya vijana kwamba vipeuo vya 3, 5, 6, 7 na kuendelea havitoki, kimoja baada ya kingine, hadi 17, akakwama hapo. Baadhi ya wachunguzi wamegundua kwamba anayechora pembetatu za vipeuo hivyo zikizunguka nukta moja, kila moja ikiegemea iliyotangulia, hufika √17 kabla tu ya michoro kuanza kupandana; ni maelezo yanayovutia, ingawa Plato hasemi neno juu ya mchoro huo. Theaetetus, aliyekuwa kijana katika mazungumzo hayo, aliiacha njia ya kuthibitisha moja moja na kutafuta kanuni: kipeuo cha pili cha namba nzima hutoka pale tu namba hiyo inapokuwa mraba wa namba nzima, na kama sivyo, hakitoki kabisa. Kazi yake ndiyo inayodhaniwa kuwa msingi wa kitabu cha kumi cha mkusanyo wa Euclid, kilichoandikwa karibu mwaka 300 KK huko Aleksandria. Kitabu hicho, chenye hoja 115, ni kirefu na kigumu kuliko vingine kumi na viwili vya mkusanyo huo, na chote kinahusu kuainisha urefu usio na kipimo cha pamoja. Maji yanayopita Ishango hushuka kwa Semliki hadi Ziwa Albert, huingia katika Nile, na mwisho hufika pwani ileile ya Aleksandria. Hesabu ya mistari mfupani na hesabu iliyovuka uwezo wa mistari ziliandikwa kwenye ncha mbili za mto mmoja.

Kigiriki kilikuwa na neno moja, logos, lililobeba maana ya usemi na maana ya uwiano kwa pamoja. Urefu usio na uwiano uliitwa alogos, na neno hilo, likitolewa nje ya kitabu cha hesabu, laweza kumaanisha pia kisichosema au kisicho na akili. Wafasiri wa Kiarabu wa Baghdad katika karne ya 9, walipovigeuza vitabu vya Kigiriki, walilisoma kwa maana ya usemi. Namba yenye uwiano wakaiita muntaq, inayotamkika, kutoka shina lilelile lililokipa Kiswahili neno mantiki. Na kipeuo kisichotoka wakakiita jadhr asamm, yaani mzizi kiziwi, ambao hausikii ukiitwa wala haujibu. Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, aliyeandika kitabu chake cha aljebra karibu mwaka 820, ni miongoni mwa wa kwanza kutumia lugha hiyo ya usikivu na uziwi.

Uziwi huo wa Kiarabu haukuishia kwenye vipeuo. Kiarabu kina majina mahususi kwa sehemu kutoka nusu hadi moja ya kumi, na majina hayo yaliingia Kiswahili cha pwani kwa biashara na kwa elimu ya mirathi: nusu, thuluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Baada ya hapo majina huisha. Moja ya kumi na moja au moja ya kumi na tatu haina neno lake na haipatikani kwa kuyazidisha majina yaliyopo, na kwa hiyo wanahesabu wa Kiarabu waliita sehemu za namna hiyo nazo viziwi. Mtu aweza kuangalia tena ile safu ya Ishango, 11, 13, 17 na 19, na kuona kwamba kila namba iliyomo, ikiwekwa chini kama asili ya sehemu, ni kiziwi kwa hesabu ya Baghdad. Ni sadfa tu, lakini ni sadfa nzuri.

Waliozipa namba viziwi heshima ya kwanza walikuwa haohao waliozipa jina baya. Abu Kamil Shuja ibn Aslam, aliyejulikana kama mwanahesabu wa Misri na aliyeishi kati ya miaka ya 850 na 930 hivi, alizitumia bila kusita kama majibu ya milinganyo ya kipeo cha pili na hata kama vizidishi ndani ya milinganyo yenyewe, akivijumlisha, kuvitoa na kuvizidisha vipeuo kama mtu anayehesabu magunia. Kwa Euclid √2 ilikuwa mstari. Kwa Abu Kamil ilianza kuwa namba. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, na anastahili nafasi katika vitabu vya shule ambayo mara nyingi hapewi.

Karne ya 12, huko Toledo, Gerard wa Cremona alivifasiri vitabu vya Kiarabu kwa Kilatini na kuandika surdus, kiziwi, palipokuwa na asamm, na kutoka hapo neno likaenea katika lugha za Ulaya, Kifaransa kikiwemo. Alama √ ilichapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1525 katika kitabu cha Mjerumani Christoff Rudolff, na mstari wa juu unaozifunika tarakimu uliongezwa na Descartes mwaka 1637. Hata hivyo, kuwa na alama si kuwa na uraia. Mwaka 1544 Michael Stifel alizitumia namba hizi kwa ustadi na papo hapo akakataa kwamba ni namba za kweli, kwa kuwa zilionekana kwake kufichwa na aina ya wingu lisilo na mwisho. Aliyembishia alikuwa Simon Stevin, mzaliwa wa Bruges katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji, ambaye mwaka 1585 aliandika kwamba hakuna namba za kipuuzi wala viziwi, na kwamba kipeuo cha 8 ni namba sawa na nyingine yoyote. Mwaka huohuo alichapa kijitabu cha kufundisha desimali kwa wapimaji na wafanyabiashara, na desimali ndizo zilizozishusha namba hizi kutoka kwenye michoro ya wanafalsafa hadi kwenye kipimo cha fundi.

Kilichobaki ni kueleza √2 ni kitu gani hasa, na hapo ndipo Ruzizi yenyewe inapoingia katika masimulizi, kwa mlango wa pembeni. Mwezi Aprili 1858 Richard Burton na John Speke, wakifuata njia za misafara iliyoleta Kiswahili kutoka pwani hadi Ujiji na Uvira, walifika Uvira wakitumaini kuona kwamba Ruzizi hutoka katika Ziwa Tanganyika na kwenda kaskazini kuwa Nile. Wenyeji, ambao hawakuhitaji msafara kujua mto wao unaelekea wapi, waliwaambia kwamba unaingia ziwani. Wazungu waliendelea kubishana juu ya jambo hilo hadi Livingstone na Stanley walipofika mdomoni mwa mto mwezi Novemba 1871, na kitabu cha Stanley kilichothibitisha neno la wenyeji kikatoka mwaka 1872. Katika kipindi hichohicho, tarehe 24 Novemba 1858, mwalimu mmoja wa Zurich, Richard Dedekind, aliyekuwa akiona aibu kufundisha hesabu za mabadiliko endelevu bila msingi wa kweli, alipata jibu lililokuwa limekosekana tangu Theodorus. Naye alilichapa mwaka 1872. Maswali hayo mawili hayakuwa na uhusiano wowote, ila yalikaa miaka ileile kabla ya kuchapwa jibu lake.

Dedekind aliwaza hivi. Zikipangwa sehemu zote juu ya mstari mmoja, zinaweza kukatwa katika makundi mawili: kushoto zile ambazo mraba wake haufiki 2, pamoja na zote zilizo hasi, na kulia zile chanya ambazo mraba wake umezidi 2. Kushoto zimo 1.4, 1.41 na 1.414, na hakuna iliyo kubwa kuliko zote, maana daima hupatikana nyingine iliyosogea zaidi. Kulia zimo 1.5, 1.42 na 1.415, na hakuna iliyo ndogo kuliko zote. Hakuna sehemu hata moja inayokaa juu ya mpaka wenyewe. Badala ya kuendelea kuitafuta, Dedekind alitangaza kwamba mkato huo ndio namba, na kwamba namba halisi zote, zenye uwiano na zisizo nao, ni mikato ya namna hiyo. Mkazi wa Kamanyola ana mfano wake karibu. Tangu makubaliano ya Brussels ya 1910, yaliyomaliza ugomvi wa Wabelgiji na Wajerumani juu ya nchi za Kivu, mpaka hufuata Ruzizi; kila nyumba iko upande mmoja au mwingine, hakuna aliyejenga juu ya mstari wenyewe, na hakuna anayesema kwa sababu hiyo kwamba mpaka haupo.

Elimu hii haikufika bondeni kwa haraka. Mkataba wa 1906 kati ya Dola Huru ya Kongo na Vatikani ulizikabidhi misheni za Kikatoliki sehemu kubwa ya kazi ya shule, na kwa miongo kadhaa mtoto Mkongomani alifundishwa kusoma, katekisimu na hesabu za kawaida, wakati sekondari kamili, kama ile ya Wajesuiti iliyofunguliwa Bukavu mwaka 1938 na ambayo leo huitwa Alfajiri, ilianza kwa ajili ya watoto wa Wazungu. Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 tu, miaka sita kabla ya uhuru. Mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ujulikanao kote kama Examen d'État, ulianza mwaka 1967. 

Mtoto wa Kamanyola huanza shule kwa Kiswahili na kuendelea kwa Kifaransa, hivi kwamba nusu na robo huzijua kwa lugha ya sokoni, na kipeuo hukutana nacho kikiitwa racine carrée, na namba yake ikiitwa irrationnel, neno ambalo nje ya darasa humaanisha mtu asiyetumia akili. Ni jina linalomtisha mwanafunzi kabla somo halijaanza. Kiswahili kimefanya vizuri zaidi, pengine bila kukusudia: kwa kusema namba isiyo na uwiano, kimeirudia ile maana ya logos ambayo wafasiri wa Baghdad waliiacha, na kimeondoa katika namba hizo uziwi, ububu na wazimu kwa mara moja. Linalosemwa ni lile lililothibitishwa na hoja ya shufwa na witiri, wala si zaidi.

Matumizi yake katika bonde ni ya kila siku. Fundi mwashi anayeweka msingi wa chumba cha mita 4 kwa 4 hupigilia vigingi vinne, hufunga kamba, kisha hupima ulalo mmoja na mwingine; zikitofautiana, pembe zake si mraba. Ulalo huo ni 4√2, yaani mita 5.65685 na kuendelea, na fundi huridhika na mita 5 na sentimita 66, akiwa amekosea milimita tatu, ambazo humezwa na unene wa kamba. Karatasi ya fotokopi ya mtihani ina milimita 297 kwa 210, na ukigawa namba hizo hupata 1.41428, kwa kuwa urefu na upana wake vilichaguliwa kufuata √2, ili ikikunjwa katikati nusu yake ibaki na umbo lilelile. Wazo hilo liliandikwa na mwanasayansi Mjerumani Lichtenberg katika barua ya mwaka 1786 na kufanywa kipimo rasmi Ujerumani mwaka 1922. Mwanafunzi anayesumbuka na kipeuo juu ya karatasi hiyo amekishika mkononi.

Kanuni za kuvishughulikia vipeuo nazo zina sababu zake. √8 ni 2√2 na √18 ni 3√2, kwa hiyo jumla yake ni 5√2, maana ni vya ukoo mmoja; lakini √2 kuongeza √3 si √5, kosa linalorudiwa kila mwaka, na hesabu fupi yatosha kuliondoa: 1.414 kuongeza 1.732 ni 3.146, ilhali √5 ni 2.236. Desturi ya kuondoa kipeuo katika asili, kwa kuandika √2/2 mahali pa 1/√2, ilitokana na kazi ya mkono kabla ya vikokotoo: kugawanya 1 kwa 1.41421 ni mateso ya dakika kadhaa, na kugawanya 1.41421 kwa 2 ni jambo la kinywa tu, nalo huleta 0.7071.

Si kila namba isiyo na uwiano ni kipeuo. Pai, uwiano wa mzingo wa duara kwa kipenyo chake, ilikadiriwa na mwandishi wa Misri ya kale kuwa 256/81, na Archimedes akaibana kati ya 223/71 na 22/7, ambayo hadi leo wanafunzi wengi hudhani ndiyo pai yenyewe. Johann Lambert alithibitisha mwaka 1761 kwamba haina uwiano. Leonhard Euler alikwisha kulithibitisha hilo mwaka 1737 kwa namba iitwayo e, ambayo ni 2.71828 na kuendelea na ambayo hutokea katika hesabu za riba na za kukua kwa idadi. Baadaye Charles Hermite, mwaka 1873, na Ferdinand von Lindemann, mwaka 1882, walionyesha kwamba e na pai ziko mbali zaidi ya vipeuo vyote, kwa kuwa haziwi jibu la mlinganyo wowote wa vipeo wenye vizidishi vya namba nzima. Kutokana na hilo inajulikana kwamba zikijumlishwa na zikizidishwa, e na pai haziwezi kutoa namba zenye uwiano mara zote mbili: ama jumla yao haina uwiano, ama zao lao. Ni ipi kati ya hizo mbili, hakuna aliyethibitisha hadi leo, si Zurich wala Kamanyola.